Kijivu na Nati Tano

Tarehe 4 Februari

Mwanangu,

Pokea salamu za nyumba nzima, pamoja na za babako, ambaye hajaniambia nizitume lakini najua anazo. Sisi tupo, tunakula, tunalala, tunaamka. Natumai na wewe huko kwenye visima vyenu unakula kitu cha kueleweka, siyo makopo tu. Dadako anasema mchimba maji hawezi kufa kwa kiu. Nikamwambia anaweza kufa kwa mengine. Kile kikohozi kimeisha? Ukinyamaza nitajua hakijaisha.

Mtoto wa dadako ameota meno mawili ya chini, anauma kila kitu. Tepu yangu ya kupimia ameitafuna kuanzia sentimita ya thelathini mpaka ya arobaini, sasa mtu akija kupimwa kola nakisia. Sare za shule nilizoahidi ni mashati mia na ishirini, nimefika la tisini, vidole vyangu nikiviangalia naona kama vya mtu mwingine. Babako anaendelea na mazoezi hospitali, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Mkono wa kushoto bado mzito, ila mguu umeanza kumsikiliza. Yule dada wa mazoezi ametuonya asikose hata siku moja miezi hii, maana mguu uliopooza ukiachwa sasa hivi unasahau kabisa kwamba ni mguu.

Sasa jambo lenyewe. Breki za Kijivu.

Nikukumbushe kwanza kwamba gari hili lilikuwa linasimama. Halikuwa zuri, rangi yake ya sufuria, lakini ukikanyaga linasimama. Ukaja likizo, ukasema gurudumu la nati nne ni la kizamani. Ukang'oa vile vitovu vya magurudumu, habu mnaviita, ukaweka vya gari jingine vyenye nati tano ili yale magurudumu yako mapana yaingie. Mbele ukaweka na diski kubwa, na kalipa zake zile zinazoibana diski. Ukatuambia ni kwa usalama. Babako alitoka ameshikwa mkono na dadako, akatazama, akatikisa kichwa, akarudi ndani. Mkanuniana, ukaondoka kesho yake asubuhi.

Tangu siku hiyo pedeli ya breki inazama. Ukikanyaga mara ya kwanza inashuka kama unakanyaga tope. Mara ya pili inashuka nusu. Mara ya tatu ndiyo inashika. Sasa mbuzi akikatiza barabara utamwambia ngoja nihesabu tatu?

Nilipeleka kwa Fundi Taratibu, yule wa gereji nyuma ya kiwanda cha matofali, anayefunga nati moja kisha anaikodolea macho kama anaiaga. Akazunguka gari, akachungulia ndani ya magurudumu ya mbele, akauliza: "Nani alifanya?" Nikamwambia ni mwanangu. "Basi mbele sigusi. Kazi ya mtu siifungui mpaka mwenyewe aseme." Nikamweleza mwenyewe yuko mbali, hakuna hata simu inayoshika. Akasema, "Barua si zipo?" Kisha akasema gari lisitembee.

Basi andika neno, afungue. Na kama hujui kimeharibika nini, andika tu "sijui", tutatafuta anayejua. Neno hilo halimng'oi mtu jino.

Mimi mamako.


Tarehe 20 Februari

Shikamoo Mama,

Barua imefika leo na lori la chakula, imelowa kona moja ila inasomeka. Kikohozi kimekwisha. Tuko kisima cha nne, mita tisini na bado ni vumbi tu. Mwambie dada asinicheke.

Kuhusu gari, usiwe na wasiwasi, hilo jambo ni dogo na nilishaliwaza. Kalipa nilizoweka ni kubwa kuliko za zamani, kwa hiyo zinahitaji mafuta mengi ya breki kwa kila kukanyaga. Masta ni ileile ya zamani, ndogo. Masta ndiyo ile pampu inayosukuma mafuta ukikanyaga pedeli. Ni kama kumwagilia shamba kubwa kwa kopo la chai. Fundi Taratibu atafute masta ya gari lilelile lililotoa habu, aifunge, atoe upepo ulioingia kwenye mafuta, maana ndio unaolegeza pedeli, basi. Nimemchorea kwenye karatasi ya pili.

Kwenye magurudumu ya mbele asiguse chochote. Kule kuko sawa, nilifunga mwenyewe kwa mikono yangu. Mafundi wa mtaani wakikuta kitu wasichokizoea wanaanza kukibomoa.

Mwambie mjomba, maana najua ndiye anayewaendesha, akanyage mapema, asingoje mpaka afike. Na wewe tafadhali usije ukajaribu kuendesha hilo gari. Nakujua.

Baba hajambo?

Mwanao.


Tarehe 5 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Nimefurahi kikohozi kimeondoka, kisirudi. Mita tisini za vumbi, pole. Dadako amecheka, sikuweza kumzuia. Mashati yamekwisha na mwalimu mkuu ameyapokea, kasoro moja ambalo nilishona mikono kinyume, wa kulia kushoto na wa kushoto kulia. Macho yalikuwa yamechoka. Mtoto aliyelivaa alisimama kama mtu anayetaka kuruka. Nimelifumua.

Babako juzi ametembea kutoka kitandani hadi dirishani bila fimbo. Hatua saba. Nilizihesabu kwa kidole, nikaogopa hata kupumua. Alipofika dirishani akageuka akanitazama kama aliyeshinda kesi.

Masta mpya imefungwa. Fundi Taratibu alitumia siku nne, moja kati ya hizo aliitumia kusoma mchoro wako. Akatoa upepo kwa kufuata barua yako, mimi nakaa ndani nakanyaga, yeye kalala chini anapiga kelele, "Kanyaga! Shika! Achia! Kanyaga! Shika!" Tulifanya hivyo mpaka goti langu likaomba talaka. Chupa mbili za mafuta ya breki zimekwisha. Matokeo yake: zamani pedeli ilishika mara ya tatu, sasa inashika mara ya pili na nusu. Ndiyo faida tuliyopata.

Alipoinuka pale chini alijifuta mikono, akaniambia nikuulize swali hili, nalinakili kama alivyosema: "Muulize mwanao, upepo unapanda au unashuka?" Nikamuuliza una maana gani. Akasema, "Yeye ataelewa." Basi mimi ni posta tu kati yenu, kila mtu ananitwika fumbo lake. Jibu.

Gari halina neno kubwa. Liligusana kidogo na kitanda, lakini hakuna aliyeumia.

Na ile ruhusa bado naingoja. Hukuandika kama afungue.

Mamako.


Tarehe 23 Machi

Shikamoo Mama,

Kitanda? Mama, gari linagusanaje na kitanda? Nimesoma mstari huo mara kumi. Nimemsomea na mpishi wa kambi, naye hakuelewa. Mjomba alikuwa anaenda kasi gani? Mwambie aandike mwenyewe anieleze.

Nimefurahi sana kuhusu hatua saba.

Masta ikiwa mpya na pedeli bado inazama, basi ni ile mipira ya breki inayoenda kwenye magurudumu. Imezeeka, inavimba ukikanyaga. Abadilishe yote minne. Kisha atoe upepo upya, taratibu, akianzia gurudumu la mbali. Inawezekana alifanya haraka, ingawa kwa jinsi ninavyomfahamu sijui ataongezaje utaratibu.

Kuhusu swali lake, upepo unapanda, kila mtu anajua. Mwambie maswali ya shule ya msingi awaulize wanafunzi wake. Kama ana jambo aseme. Mimi habu na kalipa nilizifunga sawasawa, na sioni sababu ya mtu kufungua kazi nzuri ili atafute kosa ambalo haliko.

Kisima cha nne tumekiacha. Tumehamia cha tano.

Mwanao.


Tarehe 2 Aprili

Mwanangu,

Leo salamu ni fupi. Wote wazima. Mtoto ana jino la tatu.

Mipira minne imebadilishwa. Tumekanyaga, tumeshika, tumeachia. Jirani wa ukuta wa pili ameuliza kama tumeanzisha jeshi. Pedeli ileile. Sasa nimechoka, nisikilize vizuri.

Mjombako haendeshi. Mjombako mgongo ulimshika wiki ile uliyoondoka, yuko kwake amelala kwenye mkeka, na gari hili hajaligusa. Anayeendesha ni mimi. Leseni ninayo tangu mwaka juzi, nilijifunza wewe ukiwa kazini, dadako anajua, babako ndiye aliyenifundisha kabla hajaugua. Hatukukuambia kwa sababu ulipokuwa hapa nilishika usukani mara moja kwenye uwanja wa mpira ukacheka mpaka ukakaa chini. Nilinyamaza, lakini niliendelea.

Basi Jumatatu, Jumatano na Ijumaa namketisha babako kiti cha mbele, namfunga mkanda, namweka fimbo katikati ya magoti, tunakwenda. Alikuwa dereva wa malori miaka ishirini na sita, unajua. Tangu utoke hapa, safari nzima mguu wake wa kulia, ule mzima, unakanyaga sakafu ya gari mahali ambapo hakuna breki. Mimi nakanyaga kwangu, yeye anakanyaga kwake. Mkeka wa upande wake umetoboka.

Kitanda ni hivi. Unaukumbuka ule mteremko wa kuingilia hospitali? Siku ile walikuwa wametoa vitanda vya chuma uani kuvipaka rangi, vimepangwa mstari, vyeupe, bado vibichi. Nilikanyaga mara ya kwanza, hakuna. Ya pili, nusu. Ya tatu sikuifikia. Nikavuta breki ya mkono, nikakata usukani kwenye vitanda maana upande wa pili palikuwa na watu kwenye benchi. Tulisukuma vitanda vitano kimoja juu ya kingine. Havikuwa na mtu. Babako alinyoosha mkono wake, ule mzito wa kushoto, aliouinua mwenyewe siku ile kwa mara ya kwanza tangu augue, akazima swichi. Mhudumu wa rangi akaja akasema, "Mama, ungesema tu unataka kitanda, tungekupa." Watu wakacheka. Mimi bado nilikuwa nimeshika usukani, siwezi kuuachia. Kijivu sasa lina mstari mweupe ubavuni, nimesugua hautoki.

Fundi Taratibu hajui. Alinikataza nisiliendeshe, nami nimemwambia limepaki, na akija kufanya kazi hapa uani ule ubavu wenye rangi nauegesha ukutani. Nimemdanganya mzee wa watu usoni. Lakini nifanyeje? Hatua saba zimekuwa kumi na moja. Nimwambie ule mguu ungoje mpaka nyinyi wanaume wawili mmalize heshima zenu?

Baada ya kitanda naenda gia ya kwanza tupu, watoto wa shule wananipita kwa miguu. Mmoja aliniambia pole.

Nataka kitu kimoja. Usiniambie masta, usiniambie mipira, usinichoree. Andika: Fundi, fungua. Maneno mawili.

Mamako, dereva.


Tarehe 23 Aprili

Mwanangu,

Wiki tatu zimepita na hakuna barua. Nimekwenda posta mara tano, yule wa dirishani akiniona anatikisa kichwa kabla sijafika. Sijui lori limekwama au wewe ndiye umekwama. Namuomba Mungu liwe lori.

Nakuandikia kwa sababu jambo limeisha na sitaki ulisikie kwa dadako, atalitia chumvi.

Jumatatu nilimwambia Fundi Taratibu ukweli. Nilikwenda gereji nikaegesha mbele yake, nikashuka, nikamwonyesha mstari mweupe, nikamweleza vitanda. Alivua kofia. Akakaa juu ya tairi. Nilidhani atanifukuza. Akasema, "Miezi mitatu unaliendesha hili?" Nikasema ndiyo. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma.

Akapiga jeki, akatoa magurudumu yote mawili ya mbele. Kisha akarudi nyuma hatua tatu akaweka mikono mgongoni kama mtu msibani. Nikamuuliza, mbona unasimama? Akasema, "Kutoa gurudumu ni sawa. Hapo ndani ni kwa mwanao. Lakini macho hayana ruhusa. Angalia."

Mwanangu, mimi shule niliiacha darasa la nne na ya magari siyajui. Lakini nguo naijua. Nilivaa miwani, nikapiga magoti kwenye oili, nikaangalia kalipa ya kulia. Nikaenda nikaangalia ya kushoto. Nikarudi kulia. Kuna kitu kilinisumbua, kama unapoona mtu amevaa shati na hujui kasoro iko wapi. Nikamuuliza, "Upepo mnautolea wapi?" Akanionyesha skrubu ndogo, ndogo kama kifungo cha mtoto. Ilikuwa chini kabisa ya kalipa, inatazama ardhi. Upande wa pili vilevile, chini, inatazama ardhi.

Nikakumbuka chupa yangu ya mafuta ya cherehani. Ukiilaza, lile povu linakaa juu. Ukiigeuza kichwa chini miguu juu, povu linakimbilia juu tena. Halijawahi kukaa chini hata siku moja.

Nikamwambia, "Fundi, upepo uko juu, na mlango wake uko chini."

Yule mzee alifumba macho kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Mama," akasema, "swali hilo si ndilo nililokutuma nalo?"

"Kumbe ulijua!"

"Tangu siku ya kwanza."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ningekuwa nimefungua kazi ya mtu kwa mdomo."

Palikuwa na spana kubwa karibu yangu, niliitazama, Mungu akanishika mkono. Miezi mitatu! Masta, mipira, chupa saba za mafuta, goti langu, vitanda vitano! Nikamwambia, "Hii kalipa ya kulia ni ya kushoto, na ya kushoto ni ya kulia. Kazivalisha kinyume. Ni mikono ya shati!" Akaitikia kwa kichwa. "Zikibadilishwa, skrubu zitatazama juu?" Akaitikia. "Basi badilisha." Akasema, "Mwenye kazi hajaandika."

Hapo ndipo nilipofika mwisho. Nilisimama, magoti yangu meusi, miwani imeteleza puani, mafundi wote wa gereji wameacha kazi wanatazama. Nikamwambia, "Mwenye kazi hii nilimbeba miezi tisa. Nilimshika mkono akajifunza kutembea. Nilimfunga vifungo vya shati mpaka darasa la tatu kwa sababu alikuwa anavikosea. Kama yeye ana kazi isiyofunguliwa, mimi ndiye niliyemfungua yeye. Ruhusa natoa mimi. Fungua!"

Fundi Taratibu alinitazama, akaenda bombani, akanawa mikono kwa sabuni, akajikausha kidole kimoja kimoja, akarudi, akachukua spana. "Hilo," akasema, "ni jibu halali."

Kazi yenyewe ilikuwa saa moja na nusu. Saa moja na nusu! Nilikanyaga, nikashika, nikaachia. Upepo ukatoka unatapika kama mtoto aliyeshiba. Mara ya nne pedeli ikasimama juu, ngumu, mguu wangu ukashangaa.

Leo Jumatano tumeshuka ule mteremko wa hospitali. Nilikanyaga mara moja. Lilisimama pale nilipotaka, mbele ya benchi, wala si pembeni. Nikamtazama babako. Mguu wake wa kulia ulikuwa umetulia umelala kwenye sakafu kama paka. Akauangalia mwenyewe kama haamini.

Ukinyamaza kwa hasira, hasira iishe. Ukinyamaza kwa aibu, hiyo nayo iishe.

Mamako.


Tarehe 28 Aprili

Shikamoo Mama,

Barua yako ya tarehe 2 imenifikia leo. Daraja lilikatika, lori likakaa ng'ambo wiki tatu, tumekula unga na chumvi. Sina nyingine kutoka kwako, kwa hiyo sijui limetokea nini tangu hapo. Usiendeshe tena. Nakuomba. Mwache dada amchukue Baba kwa gari la kukodi.

Fundi, fungua. Nimeandika. Fungua yote. Afungue hata usukani.

Nimekaa chini nikaliwaza lile swali la upepo. Inawezekana, sisemi ndivyo ilivyo, lakini inawezekana kwamba kalipa za kulia na kushoto zilibadilishana. Siku ile mvua ilinyesha mchana kutwa, nilikuwa chini ya turubai, sehemu zote zimelala kwenye gunia moja, na Baba alikuwa dirishani ananitazama. Vitu vile vinafanana sana. Vinaingia pande zote mbili bila shida, kosa ni la waliovitengeneza. Na mwanga ulikuwa mdogo. Na gunia liliteleza.

Hivi kweli uliendesha? Gia ya kwanza mpaka hospitali?

Mwanao.


Tarehe 11 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Barua zetu zimepishana njiani, yangu ya tarehe 23 sasa utakuwa umeisoma, kwa hiyo hofu imekutoka. Kama bado hujaisoma, isome kwanza, nitakungoja hapa.

Sasa. Mvua, turubai, gunia, mwanga, babako dirishani, na waliotengeneza. Nimewahesabu, ni mashahidi sita. Nimetafuta wa saba kwenye barua nzima, mbele na nyuma, sikumwona.

Sina hasira, usidhani. Mtu yeyote anaweza kuvalisha mkono wa kulia kushoto, hata mimi, kwa miaka thelathini ya cherehani, nimefanya hivyo mwaka huu huu. Kosa halikuniudhi. Kilichoniudhi ni ile miezi mitatu uliyonipeleka kwenye masta, ukanipeleka kwenye mipira, unaniambia kuko sawa, kuko sawa, wakati hukuwa umewahi kufunga habu maishani. Ndiyo, najua. Nilijua tangu siku ile. Nilikuona unavyozigeuzageuza. Na mimi nikanyamaza kwa sababu ulikuwa unamtazama babako dirishani, ukitaka aone. Basi tuseme na mimi nina kosa langu hapo.

Babako amefika hatua thelathini na mbili. Wiki iliyopita alitoka nje mwenyewe, akazunguka Kijivu, akainama kidogo kwa fimbo, akatazama nati tano za gurudumu la mbele. Akazigusa moja moja. Kisha akasema, na maneno yake sasa yananyooka, "Diski nzuri." Ni hayo tu. Nimeona nikuletee.

Na lori hili nimekutumia shati. La bluu, kitambaa kizuri, kola nimeikisia kwa sababu ya ile tepu. Livae mara moja kabla hujafanya lolote, usimame mbele ya kioo, kama hamna kioo mwite mpishi. Mikono yake nimeikosea makusudi, wa kulia nimeuweka kushoto, wa kushoto nimeuweka kulia. Nimetia uzi mrefu wa kushikizia tu, unafumuka kwa kuvuta. Ndani ya mfuko kuna sindano na uzi wa rangi yake. Ukishaona linavyobana, fumua, geuza, ushone.

Usimwite mtu akufanyie.

Mamako.


Tarehe 2 Juni

Shikamoo Mama,

Shikamoo Baba pia. Msomee hii, tafadhali, yote.

Kisima cha tano kimetoa maji. Yalipanda yenyewe, tukalowa wote, hata mpishi alikuja mbio na mwiko mkononi.

Shati nimelivaa. Mpishi amecheka mpaka amemwaga uji, ananiita Kunguru Aliyenyeshewa, na jina limeshika kambi nzima. Kwapa linavuta, mgongo umejaa, mikono inatazama nyuma kama inataka kurudi nyumbani. Nimekaa nalo mchana wote. Somo nililielewa mapema, ila shati nililiacha mwilini.

Nimefumua, nimegeuza. Mkono wa kulia umekaa vizuri, nadhani hata wewe ungeupitisha. Wa kushoto nimeushona mara tatu na mara zote kitambaa kinajikunja pale begani, nyuma kidogo, na nikilainisha pale kinajikunja kwingine. Mpishi aliniuliza tatizo ni nini. Nilifungua mdomo kumweleza habari za uzi, na sindano, na mwanga wa hema.

Sijui, Mama. Sijui kwa nini kinajikunja.

Mkataba unaisha tarehe 20. Nakuja nalo hivyo hivyo, unionyeshe. Kisha nitampeleka Baba hospitali, mmoja wenu, wewe au yeye, akae kiti cha mbele. Au uendeshe wewe, mimi nikae nyuma.

Mwanao.